Akiba Inaliwa Lini

Pasiansi, Mwanza
Jumapili, baada ya ibada

Mdogo wangu mpendwa Zakaria,

Pokea salamu zangu, wewe na nyumba yako yote. Natumaini kifua chako kimetulia tangu mvua zilipopungua, na kwamba shemeji yangu amepata nafuu ya macho. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, nayo siwezi kuyalaumu, kwa kuwa yamenibeba muda mrefu kuliko nilivyostahili.

Naomba radhi kwa kuchelewa kukujibu. Barua yako ilifika na meli kabla ya Pasaka, pamoja na kahawa ya kutafuna, ikiwa bado inanukia jani la mgomba mlilofungia. Si kwamba nilikosa karatasi. Nimeanza barua hii mara tatu na kila mara nimekwama mahali pamoja. Leo nitajaribu kupita hapo, na ukiona mwandiko unayumba, unisamehe.

Binti yetu Eunike anaendelea na kazi yake ya uuguzi. Mkwe wetu yuko Magu kwenye kiwanda cha kuchambua pamba na hurudi kila Jumamosi. Sukari ni ya foleni, sabuni vivyo hivyo, lakini hatujalala na njaa. Mchana mimi hubaki na mjukuu wetu Kemilembe, mwenye miaka kumi na mmoja, ambaye amerithi urefu wa marehemu bibi yake, yaani hakurithi kitu. Hata hivyo anapenda netiboli, ule mchezo wa wasichana wa kutupia mpira kwenye pete, kuliko anavyopenda chakula.

Nakuarifu pia kwamba wazazi wa hapa wamenichagua niingie katika kamati ya shule na kuandika kumbukumbu za vikao, kwa sababu ya mwandiko niliofundishwa misheni. Si cheo, lakini mzazi mmoja aitwaye Masunga, karani wa pamba, tangu siku ile huniita Mzee Katibu.

Katika kikao chetu cha kwanza Mwalimu Mkuu, mama wa Kijita aitwaye Nyangeta, alileta pendekezo. Alisema, “Ndugu wazazi, mchezo una vipindi vinne. Naomba kila mtoto anayekuja mazoezini acheze angalau kipindi kimoja. Hatufundishi watoto saba hapa, tunafundisha shule nzima.”

Masunga akasimama. Binti yake Kabula ndiye mfungaji wetu, mrefu kama mlingoti. “Ndugu Mwenyekiti,” akasema, “timu si ugali wa shule kwamba kila mtu apate tonge lake. Magu wakija wakatukuta na huruma, watatuachia aibu.”

Watu wakacheka. Mama mmoja fundi cherehani akamjibu akiwa ameketi, “Sasa wangu namfulia sketi kila wiki ili akakalie benchi? Sketi yenyewe inaisha upande wa nyuma tu.”

“Dada yangu, huyo ni mchezaji wa akiba,” Masunga akasema. “Na akiba haiozi.”

Wakabishana mpaka jua likageuka. Kura zilipohesabiwa zikalingana, ikabaki ya kwangu. Kemilembe wetu alikuwa mmoja wa hao wa akiba, na wote walijua. Niliogopa wasije wakasema mzee amewamba ngoma, ngozi akaivutia kwake. Nikainua mkono upande wa Masunga, na pendekezo la Mwalimu likaanguka. Nilitembea kurudi nyumbani nikijiona mtu wa haki.

Kemilembe nilimkuta uani anachambua mchele. Habari zilikuwa zimenitangulia.

“Babu, ni kweli mmesema akiba tukae?”

“Akiba haiozi, mjukuu wangu.”

Akatoa jiwe, akalitupa. “Sasa inaliwa lini?”

“Siku ya shida.”

“Na shida isipokuja?”

Nikamwambia aangalie mchele wake.

Magu walikuja Ijumaa. Eunike alikuwa amebadilishana zamu hospitalini ili aje amwone mwanawe, maana mtoto alimwambia kwa uhakika kwamba safari hii ataitwa. Alimpigia sketi pasi ya mkaa tangu asubuhi. Basi tukasimama kando ya uwanja, na Kemilembe akakaa kwenye benchi ameshika masweta ya wenzake na sinia la machungwa. Tuliwafunga Magu vibaya sana. Katika kipindi cha mwisho hata mtoto mchanga angeona kwamba hatuwezi kushindwa. Kemilembe akaweka sinia chini, akasimama, akakaza kamba ya kiatu, akamtazama mwalimu wa michezo. Mwalimu alifuata uamuzi wa kamati, kwa hiyo hakumwita. Akaketi tena, akaanza kumenya machungwa.

Njiani alichechemea. Mama yake akamshika mkono, akamwuliza ana nini.

“Nilitegua mguu jana mazoezini, mama. Ndiyo maana mwalimu hakuniita.”

Eunike akasikitika, akamchemshia maji ya chumvi, akamkanda mguu wa kushoto. Mimi nilikuwa nimeketi barazani. Baadaye mtoto akatoka kwenda kuyamwaga yale maji, nami nikamwona anachechemea mguu wa kulia.

Akatambua kwamba nimemwona. Akasimama na beseni lake.

“Babu,” akasema polepole, “usimwambie mama.” Nikamwahidi.

Zakaria, hapa ndipo nilipokuwa nakwama.

Hujanikumbusha hata mara moja, nami nilidhani kwamba kwa kuwa hunikumbushi umesahau. Nilikuwa nahodha wa timu ya misheni, na mwalimu aliniachia nichague wachezaji kumi na mmoja. Wewe ndiye uliyeupaka mpira wa ngozi mafuta ya ng’ombe usipasuke. Wewe ndiye uliyetembea nyuma yetu kwenda shule za watu, miaka mitatu, na jezi zetu kichwani. Kila uliponiuliza nilikujibu kwamba wewe ni akiba. Siku ya mchezo wangu wa mwisho ulimwambia mama kwamba utacheza, naye akaacha shamba, akaja na kapu la ndizi za kuchoma, akasimama kando na wanawake wengine. Tulikuwa mbele kwa magoli manne. Ulisimama ukakaza kamba ya kaptula, ukanitazama. Nikakuashiria kwa mkono ukae.

Nilikuwa naogopa mwalimu asije akasema nambeba mdogo wangu. Hofu hiyo nikaiita haki, na nimeiita hivyo kwa zaidi ya miaka arobaini.

Mama alipokuuliza mbona hukuingia, ulisema mguu unauma. Ukachechemea kilima kile chote mpaka nyumbani, umemwegemea yeye, nami nikitembea mbele na mpira mkononi. Alikukanda kwa majani siku tatu. Mwaka uliofuata hukurudi kwenye timu. Mimi nilikuwa nimeshaondoka kwenda masomoni, na sikuandika kuuliza sababu.

Katika kikao kilichofuata niliomba ruhusa ya kusimama, nikasema nataka kuifuta kura yangu.

“Mzee Katibu,” Masunga akasema, “leo umetumwa na mjukuu?”

Wakacheka, na walikuwa na haki ya kucheka. Nikamjibu, “Hapana, ndugu yangu. Nimetumwa na mdogo wangu.” Kisha nikawasimulia habari ile, mwanzo hadi mwisho. Naomba radhi kwa kukutaja mbele ya watu usiowajua. Sikuona namna nyingine ya kusema ukweli bila kukutaja.

Masunga alikuwa anazungusha kofia yake magotini. “Na huyo mdogo wako,” akauliza, “ulimwuliza baadaye?”

“Kumwuliza nini?”

“Kama mguu ulikuwa unauma kweli.”

“Sikumwuliza.”

“Miaka yote hiyo, mzee wangu?”

“Miaka yote hiyo.”

Mwalimu Nyangeta akaniambia kwa upole kwamba maneno hayo si lazima niyaandike kwenye kumbukumbu.

Pendekezo likarudi mezani. Masunga aliliunga mkono kwa masharti mawili: mtoto anayekosa mazoezi bila sababu apoteze zamu yake, na kipindi cha mwisho mwalimu apange anavyotaka. “Maana huruma nayo iwe na mipaka,” akasema. Nikayaandika masharti yake, na kwa kweli si mabaya. Safari hii hatukuhitaji hata kuhesabu mikono.

Jumamosi iliyopita tukacheza na shule ya Mabatini. Kemilembe aliitwa kipindi cha tatu. Sitakudanganya kwamba alifanya maajabu. Mpira wa kwanza ulimponyoka. Wa pili alitembea nao, jambo lisiloruhusiwa, filimbi ikalia. Nilisikia mtu nyuma yangu akiguna, na nadhani alikuwa Masunga. Halafu karibu na mwisho wa kipindi alipita chini ya mikono ya msichana mmoja mkubwa, huo ufupi wake ukamfaa, akamtupia Kabula mpira mzuri, na Kabula akafunga. Tulishindwa kwa goli moja.

Masunga akanifuata baada ya mchezo. “Mzee Katibu, akiba yenu imetugharimu.”

“Nisamehe sana, ndugu yangu.”

“Nimeshakusamehe.” Akavaa kofia yake. “Lakini ile pasi ya mwisho amefundishwa na nani?”

“Hakuna aliyemfundisha. Miaka miwili amekaa anawatazama wenzake.”

“Basi aje nyumbani afanye mazoezi na Kabula,” akasema, akaenda zake.

Kemilembe alitutangulia kwenda nyumbani. Alikuwa analia kwa kushindwa, analalamika juu ya ile filimbi, na wakati huohuo anakimbia. Eunike akasema, “Baba, mguu wake umepona haraka.” Nikamwambia ndiyo, umepona. Lile lingine sijamwambia, kwa kuwa niliahidi.

Msalimie sana dada yetu Yudita, mjane mwenzangu, na umwambie shuka alilonipa ndilo ninalojifunika. Msalimie mwinjilisti anayenisaidia kupalilia kaburi la marehemu mke wangu. Nitamshukuru mwenyewe Mungu akinijalia kuvuka ziwa tena. Wasalimie wanao wote, hasa yule kitinda mimba anayecheza mpira wa majani ya mgomba nyuma ya nyumba. Mwache acheze. Namtuma jirani yangu anayesafiri na meli akuletee samaki wakavu kidogo. Uniwie radhi kwa uchache wao.

Sasa, ndugu yangu, sina haki ya kukudai jibu. Ukiona vema nijibu hata kwa mstari mmoja, na ukiona vema usinijibu, nitaelewa. Ila siwezi tena kufunga barua kama nilivyofunga nyingine zote, bila kukuuliza kwanza kile nilichopaswa kukuuliza siku ile pale kilimani, badala ya kutangulia mbele na mpira.

Mguu ule, Zakaria, ulikuwa unauma?

Ni mimi kaka yako,
Elieza