Mkutano wa Madalali kwa Masista

Jumatatu, 3 Machi

Leo ukoo umekumbuka kuwa nina akili. Imechukua miaka hamsini na mbili tu! Binti wa dada yangu, yule katibu mpya wa chama cha madalali wa minada, kanipigia simu. Mjomba, nimepewa mkutano wa mwaka, watu sitini, siku tatu, kulala hukohuko, mbali na mji ili wasitoroke vikao. Hoteli zote zimejaa.

Nikamwambia, mwanangu, umefika. Mimi nimeshaandaa mkutano wa mawaziri wanane! (Nilikuwa napanga magari nje. Lakini gari likikaa vibaya, waziri atashukia wapi?)

Bado yuko kwenye miezi ya majaribio. Mkutano ukienda sawa, anaajiriwa. Ukiharibika, anarudi kukaa kwa mama yake. Kazi ndogo kabisa.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata! Nyumba ya mafungo ya masista, juu kilimani. Vyumba sabini, ukumbi, bustani utadhani imepita kwa kinyozi. Sista mkuu anaongea chinichini mpaka nikadhani koo linamsumbua. Nikamshauri tangawizi.

Kanipa fomu, kurasa nne, herufi kama sisimizi. Umesoma masharti, baba? Miwani niliiacha nyumbani. Nikamwambia, sista, mimi fomu naielewa kwa kuitazama tu. Saini ikatoka safi, na mkia wake. Akasema wiki ile ya mkutano wetu wageni wengi huiogopa, ndiyo maana iko wazi. Watu wangu hawaogopi kitu, nikamjibu.

Mji mzima umejaa, mimi nimepata wiki nzima. Wengine wana vyeti. Mimi nina macho.

Jumapili, 9 Machi

Kikao cha kamati. Mwenyekiti ana sauti ya honi ya lori. Huyo akiomba chumvi mezani, watu wanapandisha bei. Kauliza, maiki zipo? Zipo sita, nikasema. Sanduku nililiona. Ndani sikuangalia.

Jambo kubwa la mkutano ni shindano la kunadi. Sitini, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti zote. Wenyewe wanaita taaluma.

Binti kanivuta pembeni: Mjomba, ile fomu uliisoma vizuri? Unamuuliza nani, nikamwambia. Akacheka. Ananiamini, maskini.

Jumanne, 18 Machi

Nimevaa miwani, nikasoma nakala yangu ya fomu. Kipengele cha tisa.

Wiki ya kimya. Hakuna kuongea ndani ya geti, isipokuwa mtu akiugua au nyumba ikiungua.

Jumatano, 19 Machi

Nimepiga simu sehemu kumi na moja. Pamejaa, pamejaa, wa kumi na moja alinikatia. Binti nitamwambia kesho.

Alhamisi, 20 Machi

Kesho imefika na imepita. Alipiga mara mbili, ana furaha, amenunua suti. Nani angeweza kumwambia?

Nikapanda kilimani kumbembeleza sista mkuu. Kimya chao kimeshaanza, kwa hiyo tunaandikiana. Nikaandika: hawa ni wataalamu, watu watulivu sana. Akaandika: wa nini? Nikaandika: washauri wa bei. Akaandika: karibuni.

Ndiyo diplomasia hiyo.

Ijumaa, 21 Machi

Wamefika. Mabasi mawili. Mwenyekiti kashuka na "Mabingwaaa!" — kengele ikalia, sista kidole mdomoni. Watu sitini wanaoishi kwa koo, kimya kama maduka yaliyofungwa! Kila mmoja kapewa penseli na kidaftari. Mmoja kajaribu kunadi kiti kwa mikono, utadhani anafukuza nyuki. Aliyejikuna sikio ndiye aliyekinunua.

Sasa ni kikao cha dharura cha kamati. Watu saba mezani, sista kasimama mlangoni. Fomu yenye saini iko ofisini kwa sista mkuu, hawajaiona. Mwenyekiti kaandika kwenye karatasi, herufi kubwa, hata mwandiko wake unapiga kelele: NANI ALISAINI MAHALI HAPA? Chini yake: HUYO HATUMHITAJI TENA. Karatasi inazunguka.

Mweka hazina: Si mimi.

Makamu: Si mimi, na nina usingizi.

Binti kaishika muda mrefu. Suti mpya, lebo bado inaning'inia kwapani, hakuna aliyeweza kumwambia. Mimi ndiye niliyemwambia nimemaliza kila kitu, alale. Anajua saini ni ya nani. Kaandika, kanisogezea bila kunitazama.

"Mimi."

Basi. Neno moja. Mimi kwa jambo kama hilo ningehitaji daftari zima.

Karatasi ninayo hapa, pembeni ya kidaftari hiki. Naandika humu ili waone natafakari. Kwenye karatasi imebaki nafasi ya mstari mmoja. Mwenyekiti anagonga meza kwa kidole, sista kamkazia macho, kaacha. Binti anatazama dirishani.

Nimeandika "Si". Nimeishia hapo. Linalofuata ni "mimi" au ni "yeye", na wote mezani wanaitazama penseli.