Mzimu wa Riwayani Alifukuzwa Upesi Mno

Jumapili, saa kumi na mbili jioni. Mvua nyembamba ya Bugeshi imeshuka nasi mpaka Gisenyi, na ziwa leo halionekani kabisa, ni ukungu tu. Nimebadilisha nguo lakini nywele bado zinanuka moshi wa jiko la mama mkwe. Sijisikii vizuri, wala siumwi.

Niliwaahidi hapa maoni yangu kuhusu ile riwaya ambayo sisi wanawake wanne wa ofisini tumekuwa tukipokezana. Alhamisi tuliijadili wakati wa chakula cha mchana. Wenzangu waliisifu mpaka chai ikapoa. Mimi nikasema, "Nzuri, inachekesha," nikakitia kitabu mkobani.

Nilidanganya.

Kwanza niipe haki yake. Ni hadithi ya zama za wafalme, kando ya ziwa lisilotajwa jina ingawa sisi wa huku tunalijua. Msichana anaolewa na mkuu wa ng'ombe wa mfalme, mgane mrefu, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza hata ndama. Kumbe mzimu wa mke wa kwanza bado anaishi humo ndani, kwenye chombo cha maziwa. Anatia chumvi kwenye maziwa, anaficha viatu vya wageni, anamtekenya mshenga mbele ya wazee. Pale kwenye mshenga nilicheka peke yangu mpaka Anaclet, mume wangu, akaja kuuliza kuna nini.

Kuna makosa pia. Bibi harusi anamwita mama mkwe wake kwa jina, waziwazi, mbele za watu! Zamani hizo mke hakuthubutu kutamka hata neno linalofanana na jina la wakwe. Mwenzetu mmoja aliyekulia Masisi alifyonza: "Huyu mwandishi hana mama mukwe, mi nawaambia." Tulicheka sana.

Kilichonikwama kooni ni sura ya ishirini. Mganga anakuja na pombe ya asali, anaimba wimbo, mzimu anatoka, kwisha. Ukurasa mmoja na nusu. Kisha mvua inanyesha, wapenzi wanakumbatiana. Hakuna anayeuliza yule mke wa kwanza kaenda wapi. Mama mkwe, ambaye kitabu kizima alikuwa akimpenda marehemu, anafungua mikono na kumkumbatia mpya papo hapo. Hata asubuhi yake haendi kufunua kile chombo achungulie kama kweli hamna mtu. Mimi nisingeamini mpaka nimwone akichungulia.

Sasa niungame, maana hapa ndipo mahali pangu pa kuungama.

Mimi ni mke wa mgane. Vestine, mke wa kwanza wa Anaclet, alikufa kwa ugonjwa wa ini miaka minne iliyopita, kabla mimi sijamjua Anaclet. Hawakujaliwa mtoto. Aliniambia yote kabla ya posa, hakunificha kitu. Nikajitia ushujaa, nikasema wafu hawagombei jiko.

Mama mkwe anaishi Bugeshi, juu kule kwenye baridi, chini ya volkano. Analima viazi, na kwa miaka mingi alivivusha mwenyewe mpaka wa Kongo kuviuza Goma. Tunamtembelea kila Jumapili. Mimi nimekulia Karagwe, Tanzania, Kinyarwanda changu kinachechemea, kwa hiyo ananiongelesha Kiswahili chake cha sokoni. Karibu mama. Ikala mama, yaani nikae. Barabara iko namna gani? Heshima tele, kama mteja aliyekuja kununua gunia zima. Mwaka mzima tangu harusi hakuwahi kuniita kwa jina langu, Neema.

Mwezi wa nane nilikuwa uani naanika vitenge vyake, mgongo nimeupa jiko. Akaita kutoka ndani: "Vestine! Ngwino!" Yaani njoo.

Kwetu mkubwa akiita unaitika kwanza, maswali baadaye. Nikaitika kama watoto wa huku wanavyowaitikia wazee: "Karame!" Neno lilishatoka ndipo nikasikia nimeitikia jina la nani.

Niliingia jikoni nimejikunyata. Alinisogezea kigoda karibu na moto, akanimiminia maziwa, akaanza kuzungumza nami Kinyarwanda, polepole, mkono wake umetua kwenye goti langu. Hakuwahi kunigusa kabla ya siku hiyo, ukiacha kupeana mikono.

Jumapili iliyofuata aliita tena. Safari hii nilisikia vizuri.

Nikaitika.

Imekuwa hivyo kwa miezi mitatu. Nikiwa Vestine napata kigoda cha karibu na moto, napata habari za ndoa za majirani, nagombezwa kwamba namenya viazi kwa maganda mazito. Kugombezwa kule nilikupenda kuliko karibu mama zote. Anaclet anasikia. Siku ya kwanza alinitazama, kisha akatoka kwenda kuangalia mbuzi, na hatujawahi kulizungumza jambo hili hata tukiwa wawili. Uke wenza ni uke wenza hata mmoja akiwa kaburini, na mimi nilikuwa namwibia mwenzangu mapenzi ya mama mkwe mchana kweupe. Nilijipa kisingizio kwamba bibi wa watu kumbukumbu zinamtoka, kwamba naitika kwa huruma.

Riwaya ndiyo iliyoniharibia. Nilipofika sura ya ishirini nilijikuta naomba mzimu ashinde. Nikakifunga kitabu, hofu ikanishika. Nilijiuliza, katika nyumba ile ya Bugeshi, mzimu ni nani. Kama naitika kwa jina la marehemu na kupendwa kwa jina la marehemu, Neema yuko wapi? Nikaamua nitasema, hata kama nitakipoteza kigoda.

Leo viazi vilikuwa vinachemka na Anaclet amekwenda kumsalimia jirani. Mama akaita lile jina. Sikuitika. Niliingia, nikakaa, nikamwambia kwa Kiswahili ili nisikosee: "Mama, mimi ni Neema. Vestine alishafariki."

Nilitegemea atalia au atachanganyikiwa. Alisukuma kuni motoni.

"Najua," akasema. "Vestine mi nilimuzika. Mi mwenyewe nilimuvalisha."

Akaendelea bila kunitazama.

"Ile siku ya kwanza kinywa iliteleza tu. Nilikuwa nataka kukuomba pardon. Lakini nikasikia 'karame.' Miaka ine namuitaka ndani ya roho, hakuna mutu anaitika. Siku ile mutu akaitika. Ungekuwa we, mwanangu, ungeacha kuita?"

Niliyelia ni mimi. Yeye alichukua kisu akamenya kiazi kilichobaki, kwa ganda jembamba kama kawaida yake.

Tulipoaga mvua ilikuwa imeanza. Tumeshafika karibu na barabara, mimi na Anaclet chini ya mwavuli mmoja, nikasikia nyuma yetu: "Neema!" Niliendelea kutembea. Wallahi sikujua kuwa ni mimi ninayeitwa, katika ua ule sijawahi kuwa na jina hilo. Anaclet akanishika mkono. Mama akaita mara ya pili, kwa sauti kubwa zaidi, ndipo nikageuka, tena nikasahau hata kuitika. Alikuwa amesimama mvuani na mfuko wa viazi.

"Beba, mama," akasema kwa Kiswahili. "Muende pole pole, barabara inateleza."

Heshima tele.

Tulipoanza kuiona Gisenyi Anaclet alisema, "Umemwambia," kisha akawasha redio. Sijui kama ananishukuru au ananilaumu, na leo sina nguvu ya kumuuliza.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: kisomeni, mtacheka, hasa pale kwenye mshenga. Ila msimwamini yule mganga.

Jumapili ijayo tutapanda tena. Akiita Neema nitaitika upesi, nimeshajizoeza hapa chumbani kama mwendawazimu. Lakini kinywa kikimteleza tena, nami niko kwenye kamba ya nguo, hakuna mwingine uani, nitamwacha aite bure?