Samaki Si Ndama

Pwani ya Namibia
Alhamisi, mchana

Mpenzi Mama Neema,

Natumaini kikohozi cha mwanetu kimeisha, na wewe mwenyewe unalala vizuri. Mimi ni mzima wa mwili. Mpe baba shikamoo yangu kabla hujaendelea, maana najua amekaa hapo karibu anasikiliza. Msomee mpaka pale nitakapokuambia usimame.

Barua yako niliipata Jumatatu, kwa mkono wa dereva wa gari la wenzetu lililotoka Arusha. Nakuandikia nikiangalia shajara yangu nisije nikachanganya siku.

Tumepita Zambia na Botswana, sasa tupo Namibia. Wageni tunaowabeba kwenye lori wanalala kwenye mahema wanayoyasimika wenyewe kila jioni, na wamelipa ili wafanye hivyo. Mimi ni fundi wa lori. Mpishi ni Saidi wa Ngarenaro, yule ambaye mama yake anauza vitumbua karibu na karakana yangu ya zamani, ile ya shirika lililotupunguza kazi. Hapa jangwa linashuka mpaka linaingia baharini. Asubuhi kuna ukungu kama wa Momela, ila huu una chumvi. Mwambie baba ng'ombe hapa asingemaliza wiki.

Jumapili pampu ya dizeli ilikufa. Tumeagiza nyingine, haijafika. Wageni wamefurahi, wanasoma vitabu. Mimi ndiye situlii. Nimeosha filta iliyokuwa safi, nimepanga spana kwa ukubwa, nikazivuruga nikazipanga tena. Unanijua: nikikaa mahali pamoja miguu inawasha, na nikiwa njiani nawaza barabara inayofuata.

Hapa simama, Mama Neema. Mwambie baba barua imeisha. Yanayofuata soma peke yako.

Jumanne Saidi alichoka kuniona nikizunguka lori. Akaazima fimbo ya kuvulia kwa mgeni mmoja, mzee mstaafu, akanishikisha.

"Nenda kasimame mbele ya bahari, utuache tupumzike."

"Mimi Mwarusha, Saidi, samaki kwetu ni mwiko. Nivue nyoka wa maji?"

"Nani kakwambia ule? Nimekwambia usimame."

Hapa wanavua wakiwa mchangani. Unatia chambo kwenye ndoana, unarusha mshipi nyuma ya pale mawimbi yanapovunjika, kisha unasubiri. Kusubiri ndiko kulikonishinda. Nilirusha, nikavuta, nikahama, nikarusha tena, nikahama, mpaka mahema yakawa madogo kama vichuguu. Kila nilipohama swali lako lilinifuata: uhamie na Neema kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la maua, au unisubiri hapo nyumbani Terrat? Unasema wanataka jibu mwisho wa mwezi huu. Na tajiri wangu naye anataka jibu: nibaki huku mwaka mwingine, nizunguke na wageni wapya kutoka Cape Town? Hilo sikukuandikia. Moyoni nilikuwa nimeshaanza kumwitikia.

Jana mchana kitu kilishika. Fimbo ilipinda, mshipi ukakaza kama kamba siku ile ndama wa baba alipokata mbio kuelekea bondeni. Nami nikafanya tulivyozoezwa tangu utoto: kamba ya ndama huiachii, unamfuata mpaka achoke. Nikamfuata. Maji magotini, maji kiunoni, baridi kuliko mto wa mlimani, na kuogelea sijui. Nikamsikia Saidi anakuja mbio, upawa mkononi.

"Wewe! Huyo ni samaki, siyo ndama! Ukimfuata atakupeleka kwao! Rudi nyuma!"

Wimbi likanipiga, nikazama. Saidi alinikamata ukosi wa koti akanivuta, huku akinitukana mimi na mifugo yetu yote. Fimbo sikuiachia.

"Sasa simama hapo hapo. Mpe kidogo, mvute kidogo. Yeye ndiye aje."

Nikasimama. Miguu ilitaka kwenda. Nilisimama mpaka akaja, mrefu kama mguu wa Neema, anang'aa kama bati jipya.

Saidi alimkaanga, wote wakanizunguka kunitazama. "Kula, mwenye ng'ombe!" Nikala. Si mbaya. Ana miba.

Mama Neema, nilipokuwa chini ya maji niliona jambo moja tu: wewe umesimama mlangoni, dereva usiyemjua anakuletea habari zangu, na swali lako bado halijajibiwa.

Basi jibu ni hili. Kazi ya maua ichukue. Hamia na Neema, usinisubiri Terrat. Tajiri nimemwambia leo asubuhi kwamba nikishamfikishia lori lake Cape Town, narudi na gari la kwanza linalopanda kaskazini. Sitakudanganya kwamba nitatulia. Hata sasa nakuandikia nikiwa nimesimama, karatasi iko juu ya boneti. Lakini maua nayo hayaendi uwanja wa ndege kwa miguu. Waulize kama wanahitaji fundi wa magari.

Nisalimie mama mkwe, na shangazi anayekusaidia kumlea Neema. Ukifika mjini mwambie mama yake Saidi kwamba mwanawe ni mzima na matusi yake hayajapungua. Neema msalimie kwa kumshika kichwa kwa niaba yangu.

Habari ya samaki usimwambie baba. Nitamwambia mwenyewe, tukiwa zizini, na akiinua fimbo safari hii sitakimbia.

Mumeo,
Baba Neema