Maua Mlangoni kwa Yona

Kaka Yona,

Sikuulizi hali. Nakuandikia kwa hasira, bora ujue mapema, maana umeniachia seva ya mchezo wako wa mtandaoni na hukuniachia akili ya kuiendesha. Ulinifundisha kuiwasha na kuizima, basi. Mengine ulisema tutafika.

Miezi miwili sasa tangu tukuzike Mlali. Kompyuta yako nimeihamishia kwangu Nkuhungu, ipo juu ya meza ya kupigia pasi, inanguruma vilevile. Watu wako bado wanaingia mchezoni kila jioni kujenga nyumba zao za vitofali: yule mwalimu wa Tunduma, wale mapacha wa Mkonze, wote. Ila wiki tatu hizi seva inakufa. Memori inajaa, watu wanaganda mguu hewani, halafu kimya. Naiwasha, baada ya saa moja imekufa tena. Juzi ilikufa ikiwa katikati ya kuhifadhi, mtaa mzima wa soko ukapotea. Mwalimu akaandika, "Dada Zai, ikienda hivi tutabaki na nini cha Yona?" Nililia mbele ya skrini kama mjinga.

Nimefanya kila kitu, wallahi. Nimeongeza memori, ikajaa nayo. Nimetoa vikorombwezo vyote ulivyopachika. Nikawatuhumu mapacha kwamba wanafuga kuku kupita kiasi mle mchezoni, nikawachinjia kuku wote, maskini, kumbe hawana hatia. Ungekuwepo ungecheka, useme lile neno lako: "Zai, soma logi kwanza, kulia baadaye." Haya, nikaisoma, hiyo orodha ya kila kinachotokea kwenye seva. Ilinichukua siku mbili, maana folda uliipa jina lako, na kila mstari umelibeba, nami kila nikiliona nasimama kusoma.

Tatizo lilikuwa mlangoni kwako. Na aliyelileta ni mimi.

Wiki ya msiba, wale ambao hawakuweza kufika Mlali waliniuliza maua waweke wapi. Nikawaambia wayaweke kwenye nyumba yako ya mchezoni. Wakaja, wakayadondosha mlangoni, na baada ya dakika tano yakapotea, kama kinavyopotea kila kitu kinachoachwa chini mle. Mwalimu akauliza nani kaondoa maua yake. Jamani, iliniuma! Nikaingia kwenye setingi, nikazuia kitu chochote kisifutike tena. Nilijiona nimekutendea wema, kisha nikasahau. Nao hawakuacha. Kila anayeingia anaanzia kwako. Mapacha walijenga hadi mashine ya kumwaga maua mchana kutwa. Ni maelfu kwa maelfu, Kaka, na seva inalazimika kukumbuka kila moja limelala wapi.

Jana niliwaita wote, nikawaambia tunaanua matanga. Hakuna aliyebisha. Wakasimama mlangoni kwako, nikarudisha zile dakika tano za kufutika, nikiomba seva isizime kabla hazijaisha. Yakaondoka yote kwa mpigo. Pakabaki majani matupu na mlango wako, utadhani nyumba ya mtu aliyekwenda dukani. Mwalimu akaandika "Poleni," wakatoka mmoja mmoja.

Tangu hapo seva imetulia. Sijafurahi hata kidogo. Nimeiponya kwa kuondoa kitu pekee kilichoonyesha kwamba umekufa. Sikuona njia nyingine, na kama ilikuwepo, wewe ndiye uliyeijua.

Leo ameingia mgeni, sijui ni mtoto, sijui ni mtu mzima. Amezunguka nyumba yako, akaandika: "Mwenye nyumba hii anaingia saa ngapi?" Nikaandika "Haingii tena." Nikafuta. Nikaandika "Alifariki." Nikafuta. Mwisho nimemjibu, "Ametoka kidogo."

Nisamehe, Kaka Yona. Akirudi kesho nitamwambia ukweli, nakuahidi, hata kama nitaandika huku nalia. Pumzika. Kwaheri.

Zaituni