Aliyetuaga kwa Majina

Nyumba ya Fundi Saa,
Chumba cha nyuma.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi yangu na watoto. Mgongo wako unaendeleaje? Na wifi, kile kikohozi kimemwachia? Mwambie aache kulala madirisha wazi, ingawa najua hasikii, ni mbishi kama wewe. Mimi ni mzima, ila magoti ndiyo yananikumbusha umri. Zile ngazi za kazini kila asubuhi nazipanda nikilalamika mpaka juu.

Kitabu ulichonitumia kilifika salama. Lakini wewe nawe! Duka zima la vitabu unalolisimamia, ukaona unitumie cha dunia kuungua? Nilisoma kurasa chache nikakifunga, nikakifungua tena. Kimeninyima raha na bado sikukiacha.

Unaijua desturi yetu pale kwenye karakana ya ushonaji. Mimi huwasomea wenzangu kwa sauti, nao hugawana mashati yangu wakanitilia vifungo, ili hesabu yangu isipungue. Basi nikawasomea hicho. Moto umekula dunia, waliosalia wanaishi nyuma ya ukuta, na kila asubuhi kila mtu sharti apake mlango wake majivu, maana wanaamini moto uliletwa na watu waliojifanya tofauti. Binti mmoja anakataa. Anatolewa nje ya ukuta. Kila machweo anasimama huko nje akiwaita jirani zake kwa majina, mmoja mmoja, na hakuna anayethubutu kuitika.

Walilia, mdogo wangu! Mama Pacha, yule mkata vitambaa mwenye sauti ya tarumbeta, alilia mpaka akalowesha kola ya shati la mteja. "Watu gani hawa wasio na utu?" akasema. "Mimi ningemfungulia hata kama wangenichinja!" Wote wakamuunga mkono.

Sasa nisikilize. Kuna mshonaji mgeni, tulimpachika jina Kimya. Si bubu, haongei tu pasipo haja. Hana ndugu hapa mjini. Kazi ile ndiyo chakula chake na kodi yake. Hula ameelekea ukutani. Asubuhi tunaposimama kuimba wimbo wa karakana, aliouleta msimamizi wetu mpya, yeye husimama nasi amefumba mdomo. Kwa nini? Sijui. Mdomo ni wake. Ila mkono wake ungeuona, mshono umenyooka mpaka unaona wivu.

Kwanza ilikuwa utani. Kisha sindano zikawa zinavunjika, ikasemwa ni mkosi wake. Jamani, sindano za bei ya chee nazo zinahitaji mkosi? Niliwaambia hivyo wakacheka, nikadhani yamekwisha. Kumbe wapi! Tukaja kukuta cherehani chake kimehamishiwa kwenye korido, karibu na choo, mvua inapoingia. Akakaa huko akashona. Mlango uliachwa nusu wazi, kwa hiyo kitabu alikuwa akikisikia. Nikisoma nilikuwa nauona mguu wake, unakanyaga, unasimama, unakanyaga tena.

Ijumaa msimamizi akatuambia kwamba karakana ni mwili mmoja, na asiyeimba anatuvunja. Anayetaka Kimya aondoke anyooshe mkono. Wa kwanza kunyoosha ni nani? Mama Pacha! Mikono yote ikawa juu isipokuwa wangu. Nikawaambia ukweli wao. Msimamizi akanijibu kwamba kwenye korido nafasi bado ipo.

Kimya akakunja aproni yake, akaiweka juu ya cherehani, akaja kusimama mlangoni. Na yule asiyeongea akaanza kutuaga. Kwa majina, mdogo wangu. Si ya utani, majina yetu halisi, taratibu, akingoja kidogo baada ya kila moja. Hata sikujua kwamba anayajua. Vichwa vikainama. Vyerehani vikanguruma, hata visivyokuwa na kitambaa. Lilipofika langu niliitika "Abee!" kwa nguvu mpaka nikajishtua mwenyewe, nikainuka nikamshika mkono, tukashuka ngazi pamoja.

Jana nilirudi kazini, maana tumbo halina likizo. Vifungo vyangu nikatia mwenyewe. Nikipita pale mlangoni nasikia kama naitwa, na si mimi peke yangu. Mama Pacha amegeuza meza yake auone mlango, na mara mbili aliitika "Abee" na hakuna aliyemwita. Hakuna aliyecheka. Saa ya chakula wakaniuliza, kwa upole kabisa, kama nitaendelea kusoma. Wanataka kujua kama yule binti alifunguliwa. Nikawaambia macho yananiuma.

Naogopa, sitakuficha. Msimamizi simwogopi, wasimamizi huja na kuondoka. Nawaogopa hawa ninaowapenda, waliokuja kuniuguza nilipougua, ambao kesho nitakula nao tena.

Nisalimie mjomba fundi viatu, na yule kitinda mimba wako anayekimbia maji ya kuoga, mwambie shangazi anakuja na ndoo. Mungu aijaze nyumba yenu amani, na chumba kimoja cha ziada.

Hilo la chumba sikulisema kwa bahati mbaya. Barua hii sikuitia posta. Karakana zote za hapa zimeshaambiwa zisimpokee Kimya, nami chumba changu kina kitanda kimoja na mwenye nyumba ameanza kuuliza maswali. Aliyekukabidhi barua hii ndiye yeye. Amesimama mbele yako sasa hivi wakati unasoma, na hatakuomba kitu. Mimi mwenyewe, pamoja na maneno yangu yote, jina lake halisi sikuwahi kumuuliza mpaka juzi Ijumaa. Muulize wewe, kisha umwite nalo ndani.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukutegemea.