Shukrani Ambazo Hatukuzitoa Kanisani

Namuwongo, Kampala
Jumatatu, 18 Novemba 2024

Mpendwa Dada Benedicte,

Salamu nyingi zikufikie huko Kanada kwenye baridi yako. Hujambo wewe? Mgongo wa shemeji Ambroise umemwachia kidogo? Na Estelle wetu, bado hali chakula mpaka abembelezwe? Sisi tu wazima. Presha ya mama imeshuka, na mdogo wetu Pitshou amelala hapa nyuma yangu, kichwa kimefungwa bandeji, anakoroma. Zamani ningemrushia mto. Siku hizi nasikiliza tu.

Najua umekasirika. Ulituagiza jana tutoe sadaka ya shukrani kanisani, na kwaya, na ngoma, na mama asimame mbele. Hatukutoa. Kwenye simu sikuweza kukueleza, ndiyo maana naandika.

Unakumbuka Jumapili ile tulivyokuambia: lori la wafanyabiashara limepinduka njia ya Butembo, Pitshou amekufa, uso hautambuliki, ila kitambulisho chake kimo mfukoni mwa koti. Walimzika huko huko. Sisi tukaweka matanga bila maiti.

Aliyetushika siku zile ni jirani yetu Emérence. Wewe humjui, alihamia hapa ulipokwisha kuondoka. Ni mjane, na mwanawe wa pekee, Elisée, alikuwa kwenye lori hilo hilo na Pitshou, wamefuata vitenge. Simu yake haikupatikana, lakini jina lake halikuwemo kati ya waliokufa, kwa hiyo Emérence alisema Mungu amemwangalia. Halafu akaona aibu kusema hivyo mbele ya mama, akaenda kupika. Siku tatu alipikia watu wote ugali wa posho na maharage. Alimwogesha mama kama mtoto mchanga, akamlisha kwa mkono wake. Na mimi, dada, nilimwonea wivu. Nilisema moyoni, kwa nini wake apone na wetu afe? Mungu anisamehe.

Jumatano asubuhi simu ikalia. Pitshou huyo, yuko hospitali, amezinduka! Tulipiga vigelegele mpaka majirani wakaja mbio. Tukakupigia na wewe, tunacheka huku tunalia. Emérence alicheza kuliko sisi sote, mwiko mkononi.

Tulipomaliza kuongea nawe nilimpigia tena Pitshou, nikamuuliza ilikuwaje koti lake likakutwa kwa maiti. Akasema Elisée alishikwa na malaria njiani, alikuwa anatetemeka, akamvika koti lake. Halafu akaniuliza, "Mama Emérence mmemwambia?"

Uwii, dada! Nilisimama pale na simu sikioni, naye yuko mlangoni anacheza. Nilitaka nimwachie hata dakika tano zaidi. Lakini aliniona uso. Akaacha kucheza mwenyewe, akaweka mwiko chini.

Matanga hayakuvunjwa. Watu walikuwa bado wapo, moto unawaka, na chakula ni kile alichokipika yeye. Mama aliinuka akampa nafasi yake pale mkekani, akakaa kando yake. Tangu siku hiyo mama ndiye anamlisha.

Pitshou aliporudi juzi Jumamosi hakuingia kwetu kwanza. Aliingia kwa Emérence, akapiga magoti. Nilidhani atamfukuza. Alimshika tu kichwa, bandeji na yote, akamuuliza kama Elisée alikula chochote siku ile. Pitshou akasema, ndiyo mama, alikunywa chai na mkate. Hapo ndipo Emérence alipolia kwa sauti, mara ya kwanza tangu Jumatano. Pitshou akipata nguvu atarudi kule kubadilisha msalaba, maana mpaka leo Elisée amelala chini ya jina la ndugu yetu.

Wiki hii imenizeesha. Nilizoea kulalamika juu ya matope, umeme, kelele za treni. Sasa naona nilikuwa mpumbavu. Tunamshukuru Mungu, usifikiri hatumshukuru. Namshukuru kila nikimwona Pitshou akivuta pumzi. Ila chumba chetu na cha Emérence vinagawana ukuta mmoja, naye husikia kila kitu. Jana Pitshou alikumbuka kitu akaanza kucheka, na mama akamziba mdomo kwa kiganja.

Nisalimie shemeji Ambroise, na umbusu Estelle kwa niaba ya bibi yake. Mungu awafunike huko mliko, na mtakaposali usiku, mtajeni Emérence kabla yetu.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye daima,
Mbambu