Wako Watatu

Jumatatu, 15 Septemba 1997

Foleni mlangoni tangu asubuhi. Wengi kichwa kinauma, yaani hawataki Hesabu. Mmoja amepoteza kiatu. Kimoja. Sijui mtu anapotezaje kiatu kimoja. Mvulana wa kidato cha tatu anataka kuacha shule aende machimboni Geita, kwa sababu kaka yake amerudi na koti la ngozi. Nimembishia mpaka kengele ikalia. Aliondoka na koti la kaka yake akilini vilevile.

Mwalimu mshauri. Cheo hicho nilipewa Julai, baada ya semina ya siku mbili kule Mirongo. Mkuu wa shule alisema nafaa kwa sababu nafundisha Kiswahili na najua kuongea. Ofisi yangu ni stoo ya majembe. Majembe bado yamo.

Ng'ambo ya barabara wamesimama vijana na baiskeli zao, maua ya plastiki kwenye usukani, redio begani, miwani myeusi. Wauza kaseti, nadhani. Ila sijaona wakiuza.

Jumatano, 17 Septemba

Zimefika fomu za kidato cha nne, zile za kuchagua kombi, yaani fungu la masomo matatu ya kidato cha tano. Shule nzima sasa ni kombi, kombi, kombi. Kila mtoto anataka udaktari, hata asiyejua figo iko wapi.

Semina ilitusisitizia jambo moja: mshauri hamchagulii mwanafunzi, anamsaidia achague mwenyewe. Nimelipenda. Mimi baba ndiye aliyenichagulia ualimu, akiwa amelala kitandani anaumwa, na hakuna aliyeniuliza.

Vijana wale wapo tena. Mlinzi anasema hawaulizi kitu, wanaomba maji tu, wanashukuru, wanarudi kusimama. Sipendi wanavyosimama. Mtu anayesubiri gari huangalia barabara. Hawa wanaangalia shule.

Ijumaa, 19 Septemba

Leo amekuja Kabula. Kidato cha nne, kwao Misungwi, hapa Igoma anakaa kwa shangazi yake. Biolojia na Kemia anawaacha wavulana mbali. Kiswahili chake ndicho kinachonitoa jasho: anachanganya ngeli kama mtu anayesonga ugali wa unga wa aina tatu.

Alisimama mlangoni, hakutaka kukaa. Akasema ameambiwa achague, na mwisho ni Jumapili. Fomu mwisho wake ni mwisho wa mwezi, lakini nikadhani mwalimu wa darasa amewaharakisha. Nikamwuliza anazo ngapi mbele yake.

“Wako watatu, Madamu.”

Nikamsahihisha. Kombi ziko tatu, si wako watatu. Alinitazama kidogo, kisha akasema ndiyo Madamu, ziko tatu.

Nikamwaga somo lote la semina. Achague mwenyewe, asichaguliwe na mtu. Atazame ipi itamfikisha mbali. Akishachagua asirudi nyuma, maana mshika mawili moja humponyoka. Akauliza kwa sauti ndogo, je, kama sizipendi zote? Nikacheka. Nikamwambia hakuna aliyezaliwa anaipenda Fizikia, atazoea. Alipiga goti, akashukuru, akaenda.

Nimefurahi sana. Kazi hii naiweza.

Jumatatu, 22 Septemba

Kabula hayupo. Fomu yake iko mezani kwangu, tupu.

Ng'ambo ya barabara hakuna mtu. Nyasi zimelala pale walipokuwa wakisimama. Nilitaka waondoke. Wameondoka, na sina raha.

Jumanne, 23 Septemba

Nimekwenda kwa shangazi yake. Anakaanga samaki mbele ya nyumba. Alinikaribisha, akanipa kigoda, na macho yake yakabaki kwenye karai muda wote. Kabula ameitwa nyumbani, kuna shughuli. Shughuli gani? Shughuli tu, mwalimu.

Mchana nilimsimulia Mwalimu Masanja. Yeye ni Msukuma wa hukohuko Misungwi, anafundisha Hesabu. Nilianza na kichekesho cha ngeli ili tucheke. Hakucheka. Aliacha kutafuna muhogo wake, akaniuliza Kabula alisema wako au ziko. Nikasema wako.

Ndipo akanieleza. Kwao kuna desturi inaitwa chagulaga. Vijana wakimpenda msichana humfuata kundi zima, gulioni, kisimani, njiani, siku hata siku, wanamwambia chagua. Hapati nafasi ya kupita mpaka ataje mmoja. Zamani ilikuwa mambo ya ngoma na ujana. Siku hizi vijana wana hela za minofu ya sangara na za dhahabu, na baba akisikia ng'ombe wametajwa, naye anasema chagua.

“Watu, Madamu,” akasema Masanja. “Alikuwa anakuhesabia watu.”

Masikio yamewaka moto mpaka sasa ninapoandika. Ngeli ya A-WA. Naifundisha kidato cha kwanza. Mimi ni Mjita, mtoto wa ng'ambo ya Musoma, nimeishi kati ya Wasukuma miaka yote hii na sikuwahi kuuliza neno lao hata moja. Mtoto alisema sawasawa, na mimi nikamsahihisha mpaka akakosea.

Alhamisi, 25 Septemba

Sijamwambia mkuu. Mwanafunzi akiolewa jina lake hufutwa, ndiyo kanuni, na mkuu ni mtu wa kanuni. Masanja anasema nikipeleka habari hii juu, watamfuta kwanza, maswali watauliza baadaye. Mtihani wa taifa ni Novemba.

Semina ilisema siri ya mwanafunzi ni siri. Ilisema pia jambo la hatari liripotiwe. Haikusema yakigongana ufanye nini. Ilipofika hapo, tulikwenda kula wali.

Jumamosi, 27 Septemba

Misungwi, pamoja na Masanja. Nilijiandaa kukuta mtu katili. Ingekuwa rahisi.

Baba yake, Mzee Ng'wandu, ni mtu mpole mwenye boma kubwa na zizi zuri. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa furaha, akaagiza nipewe maziwa mgando. Halafu akanishukuru. Dada zake yeye, alisema, hawakuulizwa na mtu. Waliamka asubuhi wakaambiwa funga mzigo. Yeye bintiye amempa nafasi achague.

“Na mwenyewe kaniambia, hata mwalimu wangu kasema nichague, nisiludi nyuma. Asante sana, mwalimu.”

Niliyaweka chini yale maziwa. Nikaeleza kosa langu lote, kombi, ngeli, kila kitu, Masanja akitafsiri ili na akina mama wasikie. Wakacheka. Mzee alicheka mpaka akafuta machozi. Aliona ni kisa kizuri cha kusimulia wageni.

Ng'ombe wa mahari walikuwa wameshaingia zizini. Walisimama peke yao upande mmoja, hawajazoeana na wenyeji.

Niliomba jambo moja tu: afanye mtihani. Mzee akamgeukia kijana aliyekuwa ameegemea uzio. Miwani myeusi, redio imezimwa. Anaitwa Shija. Ndiye aliyetajwa. Akasema sawa, atafanya. Ila yeye ndiye atakayempeleka na kumrudisha.

Kabula alinimiminia maji ya kunawa. Nikamwuliza kwa haraka kwa nini huyu. Akasema wale wengine wawili walisema asirudi shule hata siku moja. Huyu alisema labda. Nilikuwa nimemwambia atazame wa kumfikisha mbali, naye akatazama.

Jumatatu, 6 Oktoba

Amerudi. Sare imefuliwa, kichwa kimenyolewa, amekaa dawati lake la mbele. Anasoma kama mtu anayekimbizwa.

Shija yuko ng'ambo ya barabara. Zamani walikuwa watatu na niliwaona wauza kaseti. Sasa ni mmoja na siwezi kumpa kisogo. Mkuu ameniuliza yule kijana ni nani. Nikasema ni binamu yake Kabula, anamsindikiza kwa sababu ya vibaka. Mkuu akasifu familia inayojali. Uongo umenitoka laini kabisa, na hilo limenitisha.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mvua imeanza na haina adabu. Barabara ya Musoma ni tope tupu. Shija anasimama humohumo mvuani, redio ameifunga kwa nailoni, yeye mwenyewe hajajifunika.

Leo amekuja mpaka mlango wa stoo. Akavua miwani, akaniamkia shikamoo kwa heshima zote. Macho yake ni ya mtoto tu, hata miaka ishirini na mbili sidhani. Akauliza mtihani unaisha lini. Nikamwambia. Akarudia tarehe taratibu, akashukuru, akaenda kusimama. Hajanitukana, hajanitisha, hajafanya kosa lolote. Namwogopa kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimepanga. Mama yangu yuko Majita, nyumba ina nafasi. Siku ya karatasi ya mwisho Kabula apite nyuma, shamba la shule, Masanja amsubiri barabarani, jioni awe Musoma.

Nilimwambia chooni kwa walimu, mlango umefungwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Akasema ng'ombe wawili tayari kaka yake amewatoa kuposea mke wake. Hawarudi. Na nyumbani yupo mdogo wake, Minza, darasa la sita. Nikikimbia mimi, Madamu, watamchukua yeye.

Nilisema tutafikiri jambo lingine. Akasema ndiyo Madamu. Alikuwa ananifariji.

Jumatatu, 3 Novemba

Mtihani umeanza. Kabula aliingia wa kwanza. Mvua ilipiga bati mpaka msimamizi akasoma maelekezo kwa kupayuka.

Sijafikiri jambo lingine. Nimezunguka nalo wiki mbili, ukutani mpaka ukutani. Kwa mkuu, anafutwa. Kwa wilaya, barua inarudi kwa mkuu. Kwa baba, ameshacheka. Nina hasira na kila mtu, na wa kwanza ni mimi.

Ijumaa, 14 Novemba

Biolojia, karatasi ya mwisho.

Wenzake walitoka wakirusha madaftari, wakichaniana mashati, kelele kama harusi. Yeye alikuja stoo. Safari hii alikaa. Akaniambia swali la moyo lilikuwa rahisi, amechora vyumba vyote vinne na mishipa yake, na mishale ya damu inakokwenda. Akanionyesha kwa kidole mezani. Nikasema vizuri sana, Kabula. 

Aliuliza matokeo yakitoka atayajuaje. Nikamwambia nitayaleta mwenyewe. Akasema usije nyumbani kwa baba, Madamu, sitakuwepo pale. Kwa kina Shija ni mbele zaidi, hata mimi sijafika bado.

Nilimsindikiza mpaka getini. Shija alipangusa kiti cha nyuma cha baiskeli kwa mkono wa shati lake, mara mbili, vizuri. Kabula akapanda. Sketi ya shule akaikusanya isishike mnyororo.

Ijumaa, 28 Novemba

Kikao cha kufunga mwaka. Chai na maandazi. Mvua imekatika kidogo.

Mkuu alisoma taarifa yake. Miaka yote, alisema, kidato cha nne hatufiki Novemba bila kufuta jina la msichana, mimba au ndoa. Mwaka huu hatujapoteza hata mmoja. Akasema hiyo ni kazi ya ofisi ya ushauri, na Januari nitapewa chumba kikubwa zaidi. Walimu wakapiga makofi. Masanja alikuwa anatazama andazi lake.

Nikasimama, nikasema asante mkuu, nikakaa.